Kupima Mizani

Jiwe la kwanza lilipopatikana kwenye maharage ya wanafunzi, mpishi aliyeyachambua alichekwa tu na wenzake, wakasema shamba limekuja lenyewe mezani. La pili lilikutwa kwenye sahani ya mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu alikuwa na jino bovu. Siku hiyo mkuu wa jiko alimwita mpishi pembeni, karibu na matenki ya maji, akamwuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi anachambua maharage au anayaangalia tu na kuyatakia heri.

"Nachambua, bosi," mpishi alisema.

Mkuu wa jiko alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na hakuwa mtu mbaya. Aliinua mkono mbele ya uso wa mpishi.

"Hivi ni vidole vingapi?"

Mpishi alikaza macho. Aliona kitu cheupe, kama kinachoelea kwenye maji ya mchele.

"Viwili."

"Nimeshika kijiko," mkuu wa jiko alisema. Alikitia kile kijiko mfukoni, akatazama kando kwa haya. Kisha akamwambia aende hospitali, na asichelewe, kwa sababu muhula ukiisha akiwa bado anapapasa mabakuli, yeye itambidi aandike barua. Ana watoto wake wa kulisha, alisema, na hawezi kufukuzwa kazi kwa ajili ya mawe.

Hospitalini daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kuyasafisha ni kazi ya nusu saa kila moja. Nusu saa hiyo ilikuwa laki saba. Mpishi alizidisha kwa mbili kabla daktari hajamaliza kusema, akashukuru, akatoka akishika ukuta. Mshahara wake ndio uliokuwa ukiilipia nyumba ile ya vyumba viwili na ndio uliokuwa ukimsomesha binti yao kidato cha tatu. Mumewe alikuwa akitembea mitaani na begi la mawe ya kupimia, akitengeneza mizani za mabucha na za maduka, na ziko siku alizorudi na mkate, na ziko siku alizorudi na begi.

Mume huyo watu walimwita mzee Kilo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji katika ghala la nafaka, na miaka miwili iliyopita alisimama mbele ya wakulima, magunia yakiwa kwenye foleni, akasema mizani mpya ya ghala inawapunja na yeye hataisainia. Kesho yake hakuwa na kazi. Mwenye ghala alieleza kila mahali kwamba mzee amechoka na haoni tena namba vizuri. Mpishi alimwuliza mumewe swali moja tu siku ile, kwa nini hakunyamaza, na mzee Kilo alipoinuka kwenda kupanga mawe yake, swali hilo lilibaki ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

*

Kila Jumatano jioni, dada wa saluni ya jirani aliacha mlango wazi na kuwasha runinga kwa ajili ya Umiza Kichwa, na nusu ya mtaa ilijazana humo kati ya viti na vikaushia nywele. Ulikuwa mchezo wa mafumbo. Mshindani alisimama mbele ya meza, fumbo likaandikwa kwenye skrini, naye akapewa dakika chache za kuhangaika huku muziki ukimtia kiwewe. Swichi tatu ziko nje, taa moja iko chumbani, utajuaje ipi ni yake na unaruhusiwa kuingia mara moja tu? Watu wazima wenye shahada walitokwa jasho mbele ya mamilioni ya watu.

Mpishi alikuwa akikaa nyuma kabisa, kwenye ndoo iliyogeuzwa, akisikiliza. Ilikuwa ni muda sasa hakuna alichokiona kwenye kioo kile zaidi ya rangi. "Washa moja dakika tano, uzime, uwashe ya pili, uingie," alisema siku hiyo ya taa, polepole, kama anayemwelekeza mtu duka. "Kama taa imezimwa, iguse. Ikiwa ya moto ni ya kwanza." Saluni nzima iligeuka kumtazama, na mshindani kwenye runinga alikuwa bado anajikuna kisogo. Dada wa saluni alisema mwanamke huyu serikali imempoteza jikoni.

Binti ndiye aliyeleta wazo. Alikuwa amesikia kwamba mshindi wa raundi ya pili anaondoka na milioni moja na nusu, na binti alijua hesabu ya macho ya mama yake kama wote walivyoijua pale nyumbani, kwa kutoitaja. Alijaza fomu. Lakini fomu ilisema mshindani lazima asome fumbo mwenyewe kutoka kwenye skrini, bila msaada, kwa sekunde kumi. Mpishi aliposomewa sharti hilo alicheka kidogo, akarudi kuosha vyombo.

"Basi ataenda baba," binti alisema.

Mzee Kilo aliinua kichwa kutoka kwenye springi aliyokuwa akiipaka mafuta. Alisema yeye si mtu wa mafumbo. Mpishi alisema mafumbo yanafundishika, kama kupika. Wakatazamana, au tuseme mume alimtazama mke na mke akatazama upande ilikotoka sauti, na mzee Kilo akafuta mikono yake.

Wiki tatu walifanya mafunzo mezani baada ya chakula cha jioni. Mpishi alikuwa mwalimu mkali. Alimfundisha kuvusha watu mtoni, kugawa maji kwa madumu, kuhesabu kofia asizoziona. Mzee Kilo alikuwa mzito lakini akishika kitu hakiachii. Usiku mmoja mpishi alipanga viberiti tisa mezani kwa kupapasa.

"Vyote sawa, kimoja ni kizito," alisema. "Una mizani ya vitanga viwili, na unaruhusiwa kupima mara mbili tu. Utakipataje?"

"Hiyo mizani imekaguliwa?"

"Ni mizani ya kufikiria, mzee."

"Ya kufikiria nayo ikaguliwe," mzee Kilo alisema, na binti akacheka mpaka akakohoa. Mpishi hakucheka. Alimshika mume wake mkono, akaweka viberiti vitatu kushoto, vitatu kulia, vitatu akaviacha mezani. Upande utakaoshuka ndio wenye kizito. Visiposhuka, kimo katika vile vya mezani. Kisha chukua hivyo vitatu vyenye mashaka, pima kimoja kwa kimoja, basi, umemaliza. Hatua mbili. Alimrudisha mara saba, mpaka mzee Kilo akaweza kufanya akiwa amefumba macho, na hilo lilimpendeza mpishi kuliko yote.

*

Studio ilikuwa jengo la mabati nyuma ya kiwanda cha magodoro. Waliandikishwa asubuhi ya Jumamosi na msichana mwenye vipokea sauti shingoni, aliyewaita "mzee wangu" na "mama yangu" bila kuwatazama. Mzee Kilo alivuliwa koti lake la harusi akavikwa fulana ya njano yenye jina la sabuni. Fulana ilikuwa ndogo. Msichana alisema kubwa zimeisha, akaivuta kwa nyuma na kuibana kwa vibanio vya nguo ili mbele ionekane imekaa vizuri.

Mpishi alikalishwa kwenye ngazi za watazamaji, safu ya tatu. Kwake jukwaa lilikuwa ukungu wenye mwanga mwingi, na ndani ya ukungu huo doa la njano ambalo alijua ni mumewe. Hakuhitaji zaidi. Mtangazaji alikuwa na tabia ya kutangaza kila kinachotokea kama mpira, na mpishi alikuwa amezoea kuona kwa masikio.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya madumu, la lita tano na la lita tatu, utoe lita nne kamili. Mzee Kilo hakuhitaji hata dakika. Alisikika akimimina, akamimina tena, akangoja tone la mwisho lianguke, na watu wakapiga makofi. Mpishi alijikuta amemshika mkono mama wa watu aliyekaa pembeni yake.

Kisha meza nyingine ikasukumwa jukwaani, ikilia magurudumu.

"Raundi ya pili, milioni moja na nusu," mtangazaji alisema. "Maboksi tisa. Yana namba, moja hadi tisa. Nane yana uzito sawa, moja ni zito. Mizani hii hapa. Mara mbili tu, mzee Kilo. Mara mbili."

Moyo wa mpishi uliruka. Alitaka kucheka kwa sauti. Vilikuwa ni viberiti vyake, vilevile, vimevikwa tu nguo za runinga.

"Anaweka moja, mbili na tatu kushoto," mtangazaji alisema. "Nne, tano, sita kulia. Saba, nane, tisa anaacha mezani. Mzee anajua kitu. Haya, anaachia... na kushoto kumeshuka. Kushoto kumeshuka, jamani."

Mpishi alihesabu kimoyomoyo. Zito limo katika moja, mbili, tatu. Sasa moja kushoto, mbili kulia, atamaliza. Aliyaona macho yake yakifunguliwa, kwanza la kulia, akaona maharage yametandazwa kwenye ungo na kila jiwe limekaa peke yake.

Jukwaani hakukusikika boksi likiwekwa.

"Mzee, saa inakwenda," mtangazaji alisema.

"Ngoja kwanza," ilisikika sauti ya mzee Kilo. "Hii ilikuwa inalala kabla sijaweka kitu."

"Inalala nini?"

"Mizani."

Watazamaji wakacheka. Mpishi hakucheka. Alisikia maboksi yakiondolewa, yakipangwa upya, na mtangazaji akipandisha sauti kwamba mshindani wetu anafanya mambo, amechukua yaleyale sita, amebadilisha tu upande, nne tano sita sasa ziko kushoto, moja mbili tatu ziko kulia, jamani hii nayo mpya. "Na kushoto kumeshuka tena. Mzee wangu, umemaliza nafasi zako mbili."

"Umeona?" mzee Kilo alisema. Hakuwa na hofu yoyote sautini, alikuwa kama mtu aliye kazini. "Inalala kushoto yenyewe, kwa kiasi kilekile. Haya sita ni sawa. Hilo zito limo katika haya matatu ya mezani. Nipeni mizani nzima niwaonyeshe."

"Mzee, sisi tumekuomba upime maboksi, wewe unapima mizani." Kicheko kikavuma tena, safari hii kirefu, na hata yule mama wa pembeni alicheka kisha akajizuia. "Sheria ni sheria. Taja boksi moja."

"Sijayapima hayo."

"Taja, mzee. Sekunde kumi."

Mzee Kilo hakutaja namba. Mpishi alijua kwa nini. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mumewe akitaja uzito wa kitu ambacho hajakiweka kwenye mizani, hata mtoto wao alipozaliwa alikataa kukisia mpaka muuguzi alipompima. Sekunde zikahesabiwa kwa kengele.

"Hapo nitakuwa nabahatisha tu," alisema mwishowe.

"Bahatisha."

"Saba."

Walifungua. Lilikuwa la nane. Mtangazaji alisema alikaribia sana, akampigia makofi, muziki ukapigwa, na doa la njano likaondolewa kwenye ukungu.

*

Walimpa katoni ya sabuni. Wakiwa kituoni mzee Kilo aliipandisha na kuishusha mikononi mara mbili, akasema imepungua mche mmoja. Walipanda gari wakapata kiti, katoni ikiwa mapajani kwao, na walipofika nusu ya njia mpishi akamgeukia.

"Nilikufundisha hatua mbili," alisema. "Mbili tu."

"Ilikuwa inalala."

"Kila mizani unayokutana nayo inalala, mzee. Ya ghalani ililala, ya runinga imelala. Watu wengine wote wanapima wanakwenda nyumbani."

Mzee Kilo alitazama nje. Mpishi alijua ameuma pabaya, na alikuwa na hasira kiasi cha kutaka kuuma tena. "Ningekuwa na macho ningekwenda mwenyewe," alisema. Mumewe aliitikia kwa kichwa, akisahau kwamba mke wake hawezi kuona kichwa kikiitika, na hivyo mpishi alidhani hakujibiwa kabisa.

Siku nne zilizofuata waliongea mambo ya chumvi na maji. Binti alipita kati yao kwa ncha za vidole. Shuleni, mpishi aliwahi saa moja kabla ya wenzake ili ayapitishe maharage yote kwa vidole, punje kwa punje. Mkuu wa jiko alimkuta akifanya hivyo, akageuka mlangoni, akaondoka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu muhula ufungwe.

*

Jumatano saluni ilijaa kupita kiasi. Hata wale wasiokuwa na desturi ya kuja walikuja, maana mtu wao anaonyeshwa. Mzee Kilo alifika mpaka mlangoni, akasema ndani kuna joto, akakaa nje kwenye benchi la wateja na begi lake miguuni. Mpishi alipewa kiti badala ya ndoo. Hilo lilimkera, lakini alikaa, na binti akasimama nyuma yake ili amwambie yanayoonekana.

Raundi ya madumu saluni ilishangilia mpaka kioo cha ukutani kikatikisika. Kisha yakaja maboksi.

"Kushoto kumeshuka, jamani," runinga ilisema.

"Sasa wameonyesha uso wa baba," binti alinong'ona. "Sasa anabadilisha upande."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Wamekata. Midomo yake inacheza lakini wameweka muziki."

Na kweli, pale ambapo mzee Kilo alikuwa amesema mizani inalala, ulipigwa muziki wa kuchekesha, wa tarumbeta. Yote aliyoeleza yalikuwa hayamo. Alibaki mzee wa fulana ndogo anayehamisha maboksi huku na huku kama aliyepoteza funguo. "Na kushoto kumeshuka tena. Mzee wangu, umemaliza nafasi zako mbili." Kilichobaki kikawa ni neno la mtangazaji kwamba wewe unapima mizani, na vicheko vya studio, na juu yake vicheko vya saluni. Havikuwa vicheko vya chuki. Walimpenda mzee Kilo. Mtu mmoja alisema ukimpa huyu kitanda atakipima kwanza ndipo alale, na dada wa saluni akafuta machozi ya kucheka kwa taulo.

Mpishi alikuwa amefumba macho. Hivyo ndivyo alivyokuwa akitegua mafumbo yote, na mazoea hayaulizi kama una huzuni. Alikuwa ameyasikia maneno hayo ya mtangazaji mara ya kwanza akiwa na presha ya milioni moja na nusu kichwani. Sasa milioni haipo, na kichwa kilikuwa kimetulia. Moja, mbili, tatu ziko kushoto, na kushoto kumeshuka. Basi zito limo humo. Nne, tano, sita zikawekwa kushoto, na kushoto kumeshuka. Basi zito limo humo. Haiwezekani liwe pote pawili.

"Nane," runinga ilisema. "Ulikaribia sana, mzee Kilo."

Nane. Nane haikugusa mizani hata mara moja. Nane ilikuwa mezani tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo yale sita yalikuwa sawa kabisa, kama alivyosema, na bado kushoto kulishuka mara zote mbili. Mtangazaji mwenyewe ndiye aliyelisema, kwa mdomo wake, wakasahau kulikata.

Mpishi alirudi nyuma akalijaribu fumbo upya, kwa njia yake yeye mwalimu. Kushoto kumeshuka. Chukua moja na mbili, zipime. Kushoto kungeshuka tena, kwa sababu kulikuwa kukishuka hata kwa hewa. Angesema moja. Na angekosa, kwa kujiamini kabisa, akiwa amefuata hatua mbili za mke wake bila kukosea. Mumewe ndiye pekee aliyefika karibu na lile boksi. Alifika mpaka kwenye matatu, peke yake, kwa mizani mbovu na watu wakimcheka. Kisha, kwa sababu ya macho ya mkewe, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akabahatisha.

Mpishi aliona aibu. Haikuwa aibu ya runinga. Ilikuwa ya miaka miwili, ya siku ile mumewe alipoingia mlangoni saa nne asubuhi bila kazi, naye akataka kujua kwa nini hakunyamaza. Yeye, ambaye mtaa mzima ulimsifu kwa kutegua mafumbo ya watu asiowajua, hakuwahi kulitegua la nyumbani kwake. Alikuwa amechukua neno la mwenye ghala kama lilivyo, kwa kuwa lilikuwa fupi na kwa kuwa alikuwa na hofu.

"Mama, unakwenda wapi?" binti aliuliza. "Haijaisha."

"Imeisha."

Alipapasa migongo ya viti mpaka mlangoni. Nje kulikuwa na ubaridi kidogo. Alilipata benchi kwa goti, akakaa, akasogea mpaka bega lake likagusana na la mumewe. Mzee Kilo alianza kusema kitu kuhusu joto la ndani, akaacha.

"Ile ya ghalani," mpishi alisema, "ilikuwa inakula kiasi gani?"

Mpishi alimsikia mzee Kilo akigeuka kumtazama.

"Kilo moja na robo," alisema. "Kila gunia."

"Uliipima mara ngapi?"

"Mara kumi na moja. Kwa mawe yangu mwenyewe. Ya kwanza nilidhani ni mimi. Nikasema labda nimechoka, nikaipima asubuhi, nikaipima mchana, nikabadilisha mawe." Alikuwa akionyesha kwa mikono, mpishi alisikia mikono ikipita hewani. "Kila mara kilo moja na robo. Ingekuwa kuharibika ingeyumba, leo hivi, kesho vile. Ile ilikuwa imewekwa."

"Magunia mangapi kwa siku?"

"Msimu ukichanganya, mia mbili."

"Kilo mia mbili na hamsini," mpishi alisema palepale. "Ni kama magunia matatu ya watu, kila siku, bure."

"Matatu kasoro kidogo," mzee Kilo alisema. "Ndiyo. Ndiyo hayo."

Ndani ya saluni mtu alikuwa akiigiza namna mzee Kilo alivyohamisha maboksi, na vicheko vikapanda upya. Mpishi aliutafuta mkono wa mumewe, akaupata juu ya begi la mawe, akaufunika kwa wake.

"Sikukuuliza," alisema. "Miaka miwili yote sikukuuliza."

"Hukuniuliza," mzee Kilo alikubali, na hapo, mtu aliyefukuzwa kazi bila kutoa chozi, aliyechekwa na nchi nzima akaenda nyumbani na katoni ya sabuni, aliinamisha kichwa akalia.